Mlenda wa Kiangazi

Ukitoka soko kuu la Singida kwa miguu ukaifuata barabara ya vumbi inayoelekea ziwani, utalikuta ghala la ushirika ambalo milango yake ilifungwa baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuifuata alizeti mpaka uani kwa mkulima. Mbele ya ghala kuna benchi refu la mninga, halina egemeo, hivyo mtu anaweza kukaa akitazama barabara, au akavusha miguu na kutazama uwanja wa ghala. Uwanja huo, ambako malori yalikuwa yakipanga foleni kupimiwa mizigo, sasa ni bustani: matuta matano, uzio wa mabua ya alizeti na matawi ya miiba, na kinjia cha katikati kinachomtosha mtu mmoja na ndoo yake. Mazengo, Mgogo wa Manyoni, huweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa kwenye ncha ya benchi. Wenye matuta humwagilia jioni, kisha hukaa wakabishana mpaka kahawa iishe. Hawajawahi kuondoka kabla ya hapo, na hawajawahi kukubaliana.

Jioni hiyo ya mwezi wa tisa Gerald Mughwai alikuja kijiweni na sentensi moja. Alikuwa ameipanga tangu asubuhi wakati wa kunyoa ndevu, akaipunguza mpaka yakabaki maneno ya lazima tu: tuta la marehemu lipewe mtu mwingine. Angeisema, angekunywa kikombe kimoja, angeondoka. Hakutaka kuhojiwa, na pole alikuwa ameshapewa za kutosha.

Marehemu alikuwa Yustina, mke wake. Alifariki mwezi wa saba, muda mfupi baada ya kusia mbegu kwenye tuta lake, na siku ya mazishi mbegu ndiyo kwanza zilikuwa zinachungulia. Tangu hapo Gerald hakuingia bustanini hata mara moja. Kila alipokuja kijiweni alikaa akitazama barabara, na wenzake walimwachia upande huo wa benchi bila kusema neno. Hakuhitaji kuambiwa hali ya tuta. Miche isiyomwagiliwa Singida wakati wa kiangazi, upepo ule ukivuma kutwa, haimalizi wiki. Tuta kavu lisilo na mtu, na mtaani kuna watu wanaotafuta mahali pa kupanda mchicha. Hakuona sababu ya kuendelea kulishikilia.

Bustani yenyewe ilikuwa kazi ya Yustina. Shirika la umma alilofanyia kazi Gerald lilipopunguza watu, shahada yake ya chuo kikuu haikumkinga, na yeye akajiunga na benchi. Siku moja Yustina alimfuata pale akawakuta wanaume wamekaa mstari mmoja, wanajadili malori ya watu binafsi yanavyopita.

— Mnatazama barabara tu, aliwaambia. Hebu geukeni.

Waligeuka, wakauona uwanja mtupu. Kesho yake alizungumza na mlinzi wa ghala, na kabla ya Jumapili walikuwa wakiuvunja udongo kwa sururu, maana matairi yalikuwa yameushindilia ukawa kama sakafu.

Waliopata matuta walikuwa watu wa benchi. Mzee Ntandu alikuwa mpimaji wa ghala hilo hilo enzi za ushirika, na mpaka leo wanamwita Mizani. Antipasi, Mhaya wa Muleba, aliendesha lori la shirika mpaka shirika lilipokufa na lori likawekwa juu ya mawe. Huyo ndiye Gia Tano. Editha anauza mitumba kando ya barabara, na kila nguo anayoinyanyua huiita gredi ya kwanza hata ikiwa na mkono mmoja, ndiyo maana ni Mama Gredi. Tuta la nne lilikuwa la Mazengo na la tano la Yustina. Gerald, ambaye kijiweni wanamwita Digrii, hakuwa na tuta. Kazi yake ilikuwa kubeba madumu ya maji kutoka bombani mpaka kwenye mlango wa uzio. Pale Yustina alimpokea, akaingia nayo mwenyewe.

Kulikuwa na sheria moja, na ilitokana na mlenda. Yustina alipanda mlenda, na Wanyaturu wote wa mtaa walimcheka. Mlenda hujiotea shambani wakati wa mvua, wanawake wakauchuma, wakaukausha, wakautwanga, na kiangazi chote watu wakala wa unga. Kuumwagilia mlenda kwao kulikuwa sawa na kumwagilia nyasi. Lakini Yustina alitaka mbichi mwezi wa tisa, akaupata. Ndipo siku moja Gia Tano, kwa moyo safi kabisa, akitaka kumsaidia mama wa watu, akalipalilia tuta lake. Aling'oa mlenda wote. Kwao Muleba hakuwahi kuuona, na alidhani anaondoa magugu. Yustina alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatangaza: kila mtu na tuta lake. Hakuna kugusa la mwenzako, si kupalilia, si kumwagilia, hata kwa wema. Atakayevunja atawanywesha kahawa watu wote wa benchi. Gia Tano alikuwa wa kwanza kulipa, na hadi jioni ile alikuwa ndiye pekee.

Gerald alisalimiana na wote, akamwamkia Mzee Mizani, akakaa akitazama barabara. Mazengo akampa kikombe. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni Mizani alipokohoa.

— Kabla hatujaingia kwenye mambo ya siasa, alisema, nina swali. Lile tuta la marehemu limekuwaje?

Gerald alishusha kikombe.

— Limekuwaje nini? aliuliza Mama Gredi.

— Bichi. Mlenda umefika hapa. Mzee aliweka kiganja juu ya goti. Na udongo una maji. Nani anamwagilia?

Wakatazamana. Mama Gredi alisema si yeye, yeye hata tuta lake linamshinda, bamia zake zimekuwa kama vijiti vya kuchokolea meno. Gia Tano alisema asiangaliwe, sheria anaijua kuliko wote kwa sababu iliandikwa kwa jina lake. Mazengo alisema mtu anayekaa na moto siku nzima hana habari na maji. Mizani mwenyewe aliapa kuwa mkono wake haujagusa tuta la mtu. Aliposema hivyo alitazama pembeni, lakini Mizani huwa anatazama pembeni anapoongea na watu wengi.

Kwa miezi hii miwili Gerald alikuwa amelifikiria tuta lile kama kitu kilichokufa, na alikuwa amelizoea hivyo. Sasa watu wanne walikuwa wanamwambia kwamba pale nyuma ya mgongo wake linaishi.

— Mimi najua, alisema Gia Tano. Ni bomba.

— Bomba gani?

— La Mjerumani. Hapo chini kuna bomba la chuma lilipita kwenda bomani. Mwaka ule lori langu lilizama tairi la nyuma pale pale lilipo tuta. Mnadhani kwa nini? Bomba lilipasuka. Sasa linavuja.

— Linavuja tangu Mjerumani, alisema Mama Gredi, na maji mtaani hatuna.

— Ndiyo maana hatuna. Yanavujia pale.

Mizani alitikisa kichwa. Alieleza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusoma vipimo kuwa bomba lingekuwa limeshaota kutu. Jambo lenyewe ni ziwa. Ziwa halitulii, linatambaa chini ya mawe, na kila likipungua upande mmoja ujue limekwenda upande mwingine. Sasa limefika chini ya ghala.

— Ziwa la chumvi hilo, Mzee wangu, alisema Gia Tano. Mlenda ungekufa.

— Chumvi inachujwa na mawe. Na inayobaki inaingia kwenye jani. Mlenda ule ukiupika huna haja ya kutia chumvi, wala magadi.

— Umeonja?

Mizani akasema kwamba mtu hahitaji kuonja ili ajue.

Mama Gredi aliona wote wanahangaika na ardhini wakati jibu liko juu. Bati la ghala, alisema. Zamani ghala lilikuwa limejaa alizeti, na alizeti ina joto. Tangu serikali ifungue biashara ndani hamna kitu, bati limepoa, na bati lililopoa huvuta umande wote wa mtaa na kuudondoshea mahali pamoja. Kwa hiyo, kwa maoni yake, kilichootesha mlenda ni soko huria.

— Basi hata mvua wameshaibinafsisha, alisema Gia Tano. Kuna tajiri ameinunua, anaishusha anapotaka yeye.

— Usicheke. Kama kipindi hiki wamenunua mpaka hoteli, mvua ni nini?

Mazengo alikuwa akipuliza mkaa. Aliinua kichwa akasema wote wanamsahau mtu mmoja, naye ni yeye. Alikuwa mtani wa marehemu. Hilo kila mtu alilikumbuka. Siku ya mazishi, watu wakiwa wamekaa kimya kwenye mikeka, Mazengo aliingia amejifunga kanga kiunoni, ameshika kopo la bati lenye matundu ambalo Yustina alimwagilia nalo, akaanza kuwagombeza waombolezaji kwa sauti ya Yustina kabisa: nani kakwambia umwagilie saa sita mchana, unataka kuichemsha mboga? Watu walicheka na machozi yanawatoka. Hata Gerald alicheka, na baadaye aliona kwamba hiyo ndiyo pumzi ya kwanza aliyoivuta kwa ukamilifu siku ile. Kopo lile Mazengo alilichukua kama haki ya mtani.

— Sisi Wagogo tuna wazee wa mvua, alisema Mazengo. Niliandika nyumbani kuwa mtani wangu amefariki. Mzee mmoja akasema, kwa kuwa ni Mnyaturu na Wanyaturu hawajui kujitunza, tutamletea mvua ya tuta moja. Msiniulize kingine.

— Mvua yenyewe kwenu haipo, alisema Mizani. Mnakula vumbi.

— Kwa sababu tumeituma huku, Mzee.

Walicheka. Gerald naye alijikuta anatabasamu huku akitazama barabara. Alipoinama kuweka kikombe, aliliona kopo la matundu chini ya kigoda cha Mazengo. Lilikuwa limelowa, na kwenye kitako chake kulikuwa na udongo mbichi.

— Digrii, aliita Mama Gredi. Wewe umesoma. Sema ni ziwa au ni bati?

— Sijui, alisema Gerald. Sijaingia mle.

Mizani alisafisha koo. Gia Tano aliomba kikombe kingine. Gerald aliona kwamba nafasi ya sentensi yake ndiyo hii, ukimya uko tayari, na akaanza kuitafuta. Haikukaa tena vile alivyoipanga. Alikuwa ameitunga kwa ajili ya tuta kavu.

— Shikamooni, ilisema sauti kutoka barabarani.

Alikuwa msichana mwenye kikapu, kanga mpya kichwani, amesimama mbali kidogo kama mtu asiyejua kama benchi lile linaruhusu wageni.

— Marahaba, waliitikia. Karibu. Wewe ni wa wapi?

Alisema anaitwa Jenipher, mke wa fundi wa mashine ya kukamulia mafuta, hapo ng'ambo ya ukuta. Ametoka Ilongero juzi juzi tu. Akianika nguo anaona bustani yao, na kuna mlenda mle ndani. Alisema neno mlenda kwa sauti ya mtu aliyemwona ndugu yake mjini. Kwao msimu huu, alisema, wanakula wa kutwanga. Mbichi wa mwezi wa tisa hajawahi kuuona. Je, wanaweza kumuuzia kidogo?

Mama Gredi akamsogeza karibu, akamweleza kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia. Mlenda ule hauuzwi. Mwenyewe alifariki. Huyu baba hapa ndiye mume wake.

— Oo. Poleni sana. Pole sana, baba.

— Ahsante, mwanangu, alisema Gerald.

Jenipher alisimama na kikapu chake. Ilionekana anataka kuaga, lakini kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, na hakuwa amekaa mjini muda wa kutosha kujifunza kukimeza.

— Sasa unachumwa na nani?

Mizani alitazama pembeni. Mazengo alilichochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

— Maana nimeona umeanza kutoa maua, alimalizia Jenipher.

Jambo hilo wote walilijua, isipokuwa labda Gia Tano, Mhaya. Mlenda ukichumwa unachipua, ukiachwa unatoa maua, na ukishatoa maua jani hukomaa, likakakamaa, na muda si mrefu unabaki mti wa kuni. Walikuwa na maelezo ya maji kutoka kwa Mjerumani, kutoka ziwani, kutoka juu ya bati na kutoka Ugogo. La nani anachuma hawakuwa nalo hata moja.

Gerald alisimama. Akazunguka benchi, akausukuma mlango wa uzio, akaingia.

Lilikuwa tuta la kwanza mkono wa kushoto, pale pale alipoliacha Yustina, na mlenda ulikuwa umejaa, mbichi, maua madogo ya manjano yameanza juu. Alichuchumaa. Upande wa juu wa tuta udongo ulikuwa mweusi kuliko kwingine. Aliuchota akaunusa, ulikuwa na masimbi, machicha ya kahawa. Jiwe bapa ambalo Mizani hukalia anapotawadha kabla ya sala, ambalo miaka yote lilikaa karibu na tuta la Mizani mwenyewe, lilikuwa limehamishiwa hapa, na kutoka chini yake palikuwa na mfereji mdogo, mwembamba, uliochorwa kwa kidole cha mguu, ukiingia kwenye tuta la Yustina. Ni kweli, mkono wa mzee haukuwa umeligusa. Katikati ya mimea, pale maji ya kusuuzia mitumba yalipomwagwa na kutulia, palikuwa na kifungo cha shati.

Kisha akaona mipira. Kila mche wa mlenda ulikuwa umefungwa shinani kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya lori, fundo moja, taratibu, bila kuubana. Kulizunguka kila shina udongo ulikuwa umepaliliwa na kulainishwa. Gerald alielewa polepole. Mtu asiyeujua mlenda alikuwa ameuliza mahali, au amelinganisha majani, kisha akaitia alama miche yote ili asije akaing'oa tena.

Pembeni kabisa ulisimama mmea mmoja mkubwa kuliko yote, nao umefungwa mpira, na udongo wake umetunzwa kuliko wa wenzake. Haukuwa mlenda. Lilikuwa gugu, lile ambalo hata mbuzi hulipita.

Halafu akaanza kuchuma, akivunja vichwa vyenye maua kwanza, kama alivyokuwa akimwona Yustina akifanya kutoka mlangoni, madumu mikononi. Mkono wake haukuwa na uzoefu, lakini mlenda ni mboga laini na haumdai mtu ufundi. Alikunja pindo la shati lake, akalijaza. Alipotoka alimpa Jenipher fungu la kwanza, mkono mzima, akamwambia kesho arudi achume mwenyewe. Kisha akapita benchini akigawa, kwa Mama Gredi, kwa Mzee, kwa Mazengo, kwa Gia Tano ambaye alipokea kwa mikono miwili na kuutazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

— Nimegusa tuta la mtu, alisema Gerald. Kahawa ya leo ni juu yangu.

— Tuta si la mkeo? alisema Mizani.

— Ni la Yustina. Sheria ni sheria.

Gia Tano alikuwa wa kwanza.

— Basi ni juu yangu pia.

— Na mimi, alisema Mama Gredi akiutazama mlenda mapajani mwake.

— Mimi sikuligusa, alisema Mzee Mizani. Lakini andikeni na jina langu.

Gerald alitaka kuwaambia kitu. Kilikuwa kirefu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba hakikuwa kizito. Kilichotoka kilikuwa neno moja tu.

— Ahsanteni.

— Haya, Mazengo, mimina, alisema Mama Gredi haraka, kwa sababu macho ya Mzee yalikuwa yameanza kulowa.

Mazengo aliliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha kwanza. Yalitoka masimbi. Akalitikisa, akafungua kifuniko, akatazama ndani kama mtu anayetafuta mwizi.

— Imekwisha.

— Mapema hivi?

— Siku hizi inaisha mapema, alisema Mazengo, na kwa kisigino akalisukuma kopo la matundu nyuma zaidi chini ya kigoda.

Hakuna aliyeinuka. Gerald alirudi kwenye nafasi yake ya siku zote, lakini alipokaa alivusha miguu upande wa pili, akawa anatazama bustani. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka benchi zima likawa limegeuka. Jenipher alikuwa bado amesimama, Mama Gredi akasogea karibu na Mzee ili msichana apate nafasi.

— Digrii, alisema Gia Tano baada ya muda, kwa sauti ya chini. Ule wa pembeni, ule mkubwa. Ndio mzuri kuliko yote. Mbona hukuuchuma?

Gerald aliutazama, umesimama peke yake na mpira wake shinani, udongo umelainishwa kuuzunguka.

— Ule tuuache, alisema. Bado unakua.